SARE ITAKAUKA SAA NGAPI?
Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wananchi, kuhusu programu ya simu ya mavazi na hali ya hewa



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi iliyofanywa na vijana wetu watano kwa muda wa siku mbili wakati wa masika, nayo ni kutengeneza programu ya simu ya mkononi yenye kumshauri mtu avae nini kulingana na hali ya hewa ya siku hiyo. Mimi si fundi wa kompyuta. Niliitwa kwa ajili ya lugha, nitazame kwamba maneno yatakayotokea katika simu ni Kiswahili chenye kueleweka. Hata hivyo nilikaa nao hadi mwisho, na niliyoyaona ndiyo nitakayoyaeleza.

Mkutano wa namna hiyo huitwa hakathoni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1999, pale watengenezaji wa programu ya OpenBSD walipokutana mjini Calgary, nchini Kanada. Washiriki hupewa jambo moja na muda mfupi, na muda ukimalizika huonesha walichokipata, kiwe kizima au kiwe na kasoro.

Yafaa ifahamike kwamba programu yenyewe haipimi chochote. Kwa njia ya intaneti huomba takwimu za utabiri kutoka katika huduma iitwayo Open-Meteo, ambayo huzitoa bila ya malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara. Huletewa kiwango cha joto, unyevu wa hewa, upepo na uwezekano wa mvua kwa kila saa, kisha huyalinganisha hayo na masharti iliyowekewa, na mwisho hutoa sentensi moja ya ushauri.

Masharti ya mwanzo vijana waliyachukua kwenye mifano ya nchi za baridi: joto likiwa chini ya nyuzi 15, vaa koti; likizidi 25, vaa kaptula. Hapa kwetu, hata usiku wa Kusi katika mwezi wa Julai, joto halishuki kufika nyuzi 15. Koti lile lingengojea Kiama. Na kaptula ingeamrishwa takriban kila siku ya mwaka, kwa karani, kwa sheha na kwa mwalimu wa chuo pia. Nikawaambia kwamba programu haina haki ya kumpangia mtu heshima ya vazi lake. Mwenye kanzu ataendelea na kanzu, na mwenye buibui na buibui. Kinachoweza kusemwa ni kitambaa: pamba nyepesi yenye kupitisha hewa, na rangi isiyokoza. Aidha walifahamu kwamba kiwango cha joto peke yake hakitoshi. Joto la nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 70 mwili huliona kama nyuzi 41 hivi, kwa sababu jasho halikauki.

Palikuwa na kosa jengine dogo, nalitaja kwa kuwa lilituchekesha. Zanzibar iko kusini ya Ikweta, na katika hesabu za kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Kijana mmoja aliisahau alama hiyo, na kwa muda wa saa nzima tukawa tunasoma hali ya hewa ya kusini mwa Ethiopia.

Mchana wa siku ya kwanza bibi mmoja anayesafisha ukumbi ule aliuliza kinachofanyika. Alipoelezwa alisema, "Wanangu, mimi sina nguo za kuchagua. Mtoto ana sare moja. Niambieni nikiifua leo itakauka kabla ya skuli kesho?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda skuli na shati bichi masika mengi, na halikunijia wazo la kuliuliza suala hilo. Vijana walishauriana kidogo, kisha wakaiacha kazi ya asubuhi karibu yote wakaanza upya. Programu sasa ingeulizwa jambo moja: nguo iliyoanikwa nje saa fulani itakauka, au haitakauka?

Takwimu walikuwa nazo tayari. Nguo hukauka pale hewa inapokuwa na nafasi ya kuchukua maji yake. Unyevu ukiwa mwingi nafasi hiyo ni ndogo, na upepo huiondoa hewa iliyokwisha kushiba ikaja nyengine. Kwa kukisia, waliweka sharti la saa nne mfululizo bila ya mvua, na unyevu usiozidi asilimia 80.

Asubuhi ya pili walifua sare moja ili waijaribu programu yao. Simu ilisema mvua itanyesha saa 12 asubuhi na kukatika saa 1, basi nguo ianikwe kuanzia saa 2. Saa 12 hapakuwa na tone. Wakasema utabiri umekosea, wakaanika saa 2. Ilipofika saa 3 mvua ilishuka, na hakuna aliyewahi kuanua.

Utabiri haukukosea, wala kosa halikuwa la huduma ile. Huduma hiyo, usipoitajia saa za mahali ulipo, hukuletea saa za Greenwich, na sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Mvua iliyoandikwa 06:00 ilikuwa ya 09:00 kwa saa zetu, nayo kwa Kiswahili ni saa 3 asubuhi. Vijana walikumbuka kuigeuza 06:00 kuwa saa 12 kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na kwa kugeuza huko wakadhani wamemaliza. Marekebisho yalichukua dakika chache. Mimi niliomba kila saa iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana anayesoma "saa 3" peke yake anaweza kuanika usiku.

Jambo moja tulibishana sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari, kwa mfano pale mvua inapotarajiwa kuzidi milimita 50 kwa saa 24, au upepo kuzidi kilomita 40 kwa saa. Kijana mmoja alitaka tahadhari hiyo ionekane chini ya ushauri wa nguo. Nilikataa, na ninaendelea kukataa. Siku ya tahadhari, ukurasa wa mwanzo uwe ni tahadhari yenyewe kwa maneno ya Mamlaka, na habari za nguo zisionekane kabisa. Mtu anayetaka kupanda boti kwenda Pemba asisome habari za kanzu.

Programu bado ni ya majaribio, na kwa sasa inajua kituo kimoja tu cha Mjini. Makunduchi na Micheweni zitafuata. Bibi yule simu yake ni ndogo isiyo na intaneti, kwa hiyo vijana wanatayarisha njia ya kupeleka jibu kwa ujumbe mfupi.

Watumishi wenye watoto wa skuli walio tayari kuijaribu masika yajayo wanaombwa kuandikisha majina yao kwa Afisa Utumishi. Watatakiwa kuandika saa waliyoanika na saa waliyoanua, kwa muda wa wiki nne.