Nakala ya Pili: Namna Taarifa za Mwananchi Zinavyonusurika Seva Inapoharibika

Maelezo kwa wakazi wa kata, wilaya za Ngara na Biharamulo



Mzazi anapofika kituoni na mtoto mwenye homa, mganga huhitaji kujua mtoto huyo alitibiwa nini mara ya mwisho. Zamani jibu lilikuwa ndani ya faili kabatini. Leo, katika vituo vingi vya umma nchini, jibu limo katika mfumo wa GoTHOMIS, unaohifadhi usajili wa mgonjwa, matibabu, dawa na malipo. Taarifa hizo hukaa katika diski za seva, na diski ni chombo kama vyombo vingine: huchakaa, huunguzwa na radi, huibwa. Ikiharibika bila nakala, anayeumia kwanza ni mgonjwa.

Dawa yake ni seva ya pili, inayopokea nakala ya diski ya kwanza kwa vipindi maalumu. Kazi hiyo huitwa urudufishaji.

Ugumu ni kwamba seva haisimami. Taarifa zikinakiliwa huku karani anaandika, nakala huweza kuwa na nusu ya stakabadhi. Kwa hiyo mfumo hupiga kwanza picha ya diski, ambayo mafundi huiita snapshoti: hali yake yote kwa wakati mmoja, isiyobadilika tena. Karani huendelea na kazi, na kinachosafirishwa ni ile picha iliyotulia.

Safari ya kwanza ni nzito. Kwa mfano, diski yenye gigabaiti 200, kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, huchukua takribani saa 44. Ndiyo maana mara nyingine nakala ya kwanza huchukuliwa kwa gari, ndani ya diski ya kubebeka. Baada ya hapo mfumo hulinganisha picha mpya na iliyotangulia, kisha hutuma tofauti peke yake. Mabadiliko ya megabaiti 300 hupita kwa dakika 4 hivi.

Muda kati ya picha moja na nyingine ndio kipimo cha hasara. Picha ikipigwa kila saa, na seva ikaungua dakika chache kabla ya picha inayofuata, kazi ya karibu saa nzima itapotea. Huduma isiyovumilia hasara hiyo huhitaji vipindi vifupi zaidi.

Hata hivyo, tahadhari moja ni ya lazima. Karatasi ya kaboni katika kitabu cha stakabadhi hunakili hata kosa la karani. Vivyo hivyo, faili likifutwa kimakosa au kuharibiwa na kirusi, seva ya pili nayo hupokea uharibifu huo. Kinga yake ni kutunza picha za zamani, za jana, za wiki iliyopita na za mwezi uliopita, ili fundi aweze kurudi nyuma hadi siku taarifa zilipokuwa salama.

Seva ya pili isiwekwe chumba kimoja na ya kwanza, kwa maana moto mmoja utazila zote mbili. Taarifa zisafirishwe zikiwa zimefungwa kwa siri, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai usalama wa taarifa za mtu. Zaidi ya yote, nakala ijaribiwe: seva ya pili iwashwe, na rekodi zifunguliwe na kusomeka. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Atunze kadi ya kliniki na stakabadhi, kwani hizo ndizo zitakazojaza pengo la saa iliyopotea. Na katika mkutano wa kijiji ana haki ya kuuliza maswali mawili: nakala ya pili iko wapi, na ilijaribiwa lini mara ya mwisho?