Andikeni Mdako Kwenye Kadi ya Kliniki

Msikilizaji, leo nataka tuzungumzie mkono. Mkono wa mtoto aliyepooza upande mmoja: kiwiko kimekunjwa, kidole gumba kimejificha ndani ya kiganja, na mwenyewe keshazoea kufanya kila kitu kwa ule mwingine. Wengi wa watoto hawa wana utindio wa ubongo. Ubongo ulipata hitilafu mapema, mtoto akiwa bado tumboni, au wakati wa uchungu uliochelewa, au baadaye kwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya uchangani. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana utindio huo. Si wote wenye tatizo la mkono, lakini aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya mazoezi anawajua ninaowasema.

Na anaijua karatasi. Mama hukabidhiwa karatasi yenye michoro: nyoosha kiwiko mara 10, kunja mara 10, fungua vidole mara 10, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza mazoezi yanafanyika. Wiki ya tatu mtoto akiiona tu ile karatasi anajitupa chini ya kitanda, na mama, ambaye ana genge la kufungua alfajiri, hana nguvu ya kumvuta. Mwezi unaofuata wanaulizwa, "Mnafanya mazoezi?" "Tunafanya, daktari." Anayeuliza anajua, anayejibu anajua.

Simlaumu mama. Nailaumu karatasi.

Kuona karatasi imekosa nini, tuanzie mbali: mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliwafanyia nyani majaribio ambayo baadaye yalizua kesi na kelele nyingi kuhusu ukatili kwa wanyama. Kelele zile zilikuwa na sababu zake, ila alichokiona kimebaki. Nyani aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja alijaribu kuutumia, akashindwa, akajaribu, akashindwa, mwisho akaacha kabisa. Lakini ule mzima ulipofungwa, mkono ulioachwa ulirudi kazini. Maana yake, sehemu ya ulemavu ilikuwa jeraha, na sehemu ilikuwa mazoea ya kushindwa. Kutokana na hapo ilizaliwa tiba ya kuufunga mkono mzima kwa saa kadhaa, kwa glavu au bendeji ngumu, ili ule dhaifu ulazimike kuhangaika. Ikaja nyingine ya kumpa mtoto kazi ambazo haziwezekani bila mikono yote miwili. Zote mbili zina ushahidi mzuri. Na zote mbili zinadai jambo moja ambalo karatasi haiwezi kulitoa: marudio mengi sana, ya mtoto anayetaka mwenyewe.

Ndiyo maana wenzetu wakakimbilia michezo ya kompyuta. Mashine ya michezo ya Nintendo Wii ilipotoka mwaka 2006, na kamera ya michezo ya Kinect ya Microsoft mwaka 2010, wataalamu wa mazoezi walifurahi: mtoto anarusha mkono mbele ya televisheni, anacheka, halafu anaomba kuendelea. Denmark ikaenda mbali zaidi na kutengeneza Mitii, programu ya intaneti inayochezwa nyumbani. Mtoto anavaa utepe wa kijani mkononi, kamera ya kompyuta inaufuata, na mtaalamu aliye mbali anaangalia matokeo na kuongeza ugumu. Australia waliipima kwa watoto na vijana 102 waliopooza upande mmoja. Mpango ulikuwa dakika 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 20. Hizo ni saa 60. Kwa wastani walifikisha saa 32 na ushei.

Yaani hata kule kwenye umeme usiokatika na mchezo wenye rangi na muziki, karibu nusu ya dozi haikunywewa. Na faida ilionekana zaidi kwenye shughuli za kila siku kuliko kwenye mwendo wa mkono wenyewe. Si haba, lakini tusiambiwe kwamba mashine ni muujiza. Michezo ya dukani ina kasoro nyingine: inapima ushindi, haipimi namna ulivyoshinda. Mtoto mjanja, na hawa ni wajanja kweli, anagundua kwamba akiinamisha mwili mzima upande mmoja pointi zinaingia bila kiwiko kunyooka hata kidogo. Halafu kampuni ikichoka inaachana na biashara. Kinect iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Bao, nijuavyo, bado linatengenezwa.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Tuchukue mdako. Kishimo ardhini, vijiwe ndani, unarusha kimoja juu, unakomba vingine kabla hakijatua, unakidaka, unarudisha vyote ila kimoja. Mtazame msichana anayecheza: bega linakwenda mbele, kiwiko kinanyooka, kiganja kinageuka chini kukomba na juu kudaka, vidole vinafunguka kabla ya kugusa vijiwe. Kila kilichomo kwenye ile karatasi kimo humu, na atarudia mara mia moja kabla hajaitwa kuoga. Kwa mkono dhaifu tunaanza bila kurusha: akombe tu, kwa vitu vikubwa kama kokwa za embe. Akizoea, dada arushe yeye akombe. Kisha kishimo kisogezwe mbali ili kiwiko kinyooke zaidi, kisha vitu vipunguzwe ukubwa. Ndicho inachofanya ile programu ya Denmark inapoongeza ugumu, ila hapa anayeongeza ni dada mtu mwenye jicho.

Bao nalo lina siri yake. Wasiojua hudhani taabu ya watoto hawa ni kushika. Mara nyingi taabu kubwa ni kuachia. Vidole vikishakaza, kitu hakitoki. Sasa mchezo mzima wa bao, mashimo 32 na kete 64, ni kuachia: moja hapa, moja pale, moja pale, hadi ya mwisho ilale. Kete zikimwagika mbili kwa pamoja wapinzani wanapiga kelele, na kelele hizo zinafundisha kuliko "fungua vidole, fungua vidole" ya mtu mzima. Mkono mzima ushikilie ubao, au usubiri chini ya paja. Kwa mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, kete na vijiwe hapana. Mpeni ndimu na kopo.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya wenzetu havina. Mtoto ambaye mkono wake dhaifu ni wa kulia anapokea andazi kwa kushoto, na bibi anamkaripia: kwa mkono gani huo? Ukiliangalia kwa haraka, bibi anafanya kazi ya Taub bure. Lakini kukaripiwa mbele ya wageni si mazoezi, ni aibu, na mtoto mwenye aibu huuficha mkono chini ya kanga. Bibi huyohuyo akiambiwa, "Bibi, naomba ucheze naye bao baada ya alasiri, kwa mkono ule," utamkuta ndiye mwalimu mkali kuliko wote.

Sisemi mchezo wowote ni tiba. Kombolela inafurahisha, lakini mkono uliolala unaweza kulala hadi mwisho wa kombolela. Mchezo lazima uchaguliwe na mtu anayejua msuli upi unakaza na mjanja anakwepea wapi. Ufungaji wa mkono mzima nao usianzishwe kiholela nyumbani, hasa kwa wachanga. Wataalamu wapo, wengine wanasomea hospitali ya KCMC pale Moshi, ila ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hiyo dakika chache za kliniki kila mwezi ziende kwenye kuchagua mchezo, zisiishie kwenye kumnyoosha mtoto anayelia. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2009, uliwapa wazazi programu ya nyumbani yenye malengo waliyoyachagua wenyewe pamoja na mtoto. Walifanya dakika kama 17 kila mara, mara 17 au 18 kwa mwezi, na watoto walisonga mbele. Dakika 17 hata mwenye genge anazipata.

Basi mama unayekwenda kliniki wiki hii, ukishakaa kwenye kiti uliza: mchezo gani, mkono upi, dakika ngapi, na mjanja huyu nisimruhusu kukwepa vipi? Jibu liandikwe kwenye kadi. Ukipewa ile karatasi ya michoro, ipokee kwa adabu, kisha uliza tena.