Jina la Ukoo, Ushahidi wa Vinasaba na Urithi wa Kukeni katika Pwani ya Zongwe

Elimu ya vinasaba imewapa watu chombo kipya cha kuulizia swali la kale, nalo ni kama wanaobeba jina moja la ukoo ni ndugu wa damu au wamekutana tu katika neno. Vinasaba, ambavyo wengi huviita DNA, ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mwili, ambayo mzazi humpa mtoto na ambayo hubadilika kidogo kidogo kadiri vizazi vinavyopita, hata watu wawili wakilinganishwa huweza kukadiriwa kama waliachana kwa babu wa juzi au wa miaka elfu iliyopita. Chombo hicho kimechongwa katika maabara za Ulaya na Marekani kwa kufuata desturi za majina za huko, na ndipo shida inapoanzia kwa msomaji wa Kalemie, Mpala au Zongwe, kwa kuwa katika pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika jina halikuwahi kuwa mali ya kuumeni peke yake. Anayetaka kupima asili ya jina la huko hana budi kujua kwanza jina hilo lilipita mikononi mwa nani, la sivyo atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza.

Katika vinasaba vya binadamu zipo sehemu mbili ambazo husafiri bila kuchanganywa. Ya kwanza ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume tu, naye humpa wa kwake, hivyo mwanamume wa leo hubeba karibu ile ile ya baba wa babu wa babu yake, ikiwa na mabadiliko machache yanayoweza kuhesabiwa. Ya pili ni vinasaba vya mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu, ambavyo mama huwapa watoto wake wote, wa kiume kwa wa kike, lakini ni mabinti tu wanaoviendeleza. Ni uzi mfupi wenye herufi 16,569, nao ndio kumbukumbu ya kukeni. Vinasaba vingine vyote, ambavyo ndivyo vingi mno, hukatwa na kuchanganywa upya katika kila kizazi, nusu ya mama na nusu ya baba. Hesabu yake inastahili kutazamwa kwa karibu: mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wa hao 8, na akirudi nyuma vizazi 10 anakuta nafasi 1,024 za wahenga, ambazo jina linaloshuka kuumeni linashika moja tu. Mtu anayejivunia jina la babu wa kizazi cha 10 anashika ukindu mmoja katika mkeka, na baadhi ya wahenga wa umbali huo huenda hawakumwachia hata kipande cha vinasaba.

Hata hivyo, mahali ambapo jina na kromosomu Y vimetembea pamoja, ukindu huo mmoja umesema mengi. Mwaka 2000 Bryan Sykes na Catherine Irven wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 48 wenye jina la Sykes, na 21 kati yao wakakutwa na aina moja ya kromosomu Y, jambo lililoonyesha kwamba jina hilo la Uingereza ya kaskazini huenda lilianza na mtu mmoja karne nyingi zilizopita, na kwamba katika kila kizazi ni takriban asilimia 1.3 tu ya watoto waliopata jina kwa mwanamume mmoja na damu kwa mwingine. Miaka saba baadaye Turi King, Mark Jobling na wenzao wa Leicester walichapisha jambo la kushangaza zaidi: kati ya wanaume 18 wenye jina moja adimu la Yorkshire, 7 walikuwa na kromosomu Y ya tawi liitwalo A1, ambalo kwao ni Afrika Magharibi. Kumbukumbu za kanisa na serikali ziliwaunganisha watu hao katika nasaba mbili zinazofika miaka ya 1780, na nyuma ya hapo karatasi hunyamaza. Jina lilikuwa la Kiingereza, na mmoja wa mababa zao alikuwa Mwafrika. Wala hakuna aliyekuwa akilijua hilo kabla ya kijiti cha pamba kusuguliwa ndani ya shavu.

Kongo si Yorkshire. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani, ina nafasi tatu za kujazwa, yaani jina, jina la nyuma ambalo ofisi huliita postnom, na jina la ubatizo, wala hakuna kati ya hizo inayomlazimu mwenye kadi kuwa na jina la baba yake. Nafasi ya katikati ilizaliwa kwa siasa: baada ya nchi kuitwa Zaire mwezi Oktoba 1971, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya ubatizo mwaka 1972 kwa jina la uasilia, na aliyekuwa Joseph au Marie akalazimika kutafuta neno la wahenga la kujazia pengo. Wengine walichukua jina la babu, wengine la mjomba. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilishika msimamo huo huo kwamba majina yatokane na utamaduni wa nchi, na majina ya ubatizo yaliporudi, postnom haikuondoka. Kwa sababu hiyo watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuketi dawati moja shuleni wakiwa na majina yasiyofanana hata kwa herufi, na mwalimu mgeni akawadhania kuwa hawana undugu.

Yako pia majina ambayo hayatoki kwa mtu bali kwa tukio. Miongoni mwa Waluba wa Katanga pacha anayetangulia huitwa Kyungu na anayefuata huitwa Kabange, kama ambavyo kwa Waluba wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga, na watu wa makabila hayo wamekuwa wakiishi Kalemie tangu siku za reli ya Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915 wakati mji ukiitwa Albertville. Wakina Kabange wawili wanaokutana sokoni wanaunganishwa na jambo moja tu, kwamba kila mmoja wao, au babu ambaye amepewa jina lake, alizaliwa nyuma ya pacha mwenzake. Kuwapima kromosomu Y ili kujua asili ya jina lao ni sawa na kuwapima watu wote waliozaliwa siku ya Ijumaa.

Jambo zito zaidi ni majina ya vyeo. Watabwa na Waholoholo, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya pwani hii, huhesabu ukoo kukeni: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtawala hurithiwa na ndugu yake wa tumbo moja au na mpwa wake, mtoto wa dada, si na mwanawe. Anayerithi hapewi kiti peke yake. Hupewa jina la marehemu, mahusiano yake, wake zake kwa desturi ya zamani, na hata historia yake. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti katika bonde la Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza jinsi watawala wa huko walivyosimulia safari na vita vya wahenga wao kwa kusema “mimi”, kana kwamba wao wenyewe ndio waliovuka mto miaka mia mbili iliyopita. Katika mfumo huo wanaume kumi wanaweza kushika jina moja mfululizo bila wawili wao kuwa na kromosomu Y moja, kwa sababu kila mpwa ameileta kutoka kwa baba wa ukoo mwingine, ilhali mitokondria ya wote kumi ni ile ile ya bibi mmoja.

Jina linalolidhihirisha jambo hili kwa uchungu ni Lusinga. Mbelgiji Émile Storms, aliyeanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II, aligombana na Lusinga, mtawala wa Kitabwa mwenye nguvu na mfanyabiashara wa watumwa, na mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walikivamia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Brussels, likapimwa na wanaanthropolojia wa wakati huo waliokuwa wakidhani kwamba upana wa mfupa hufichua tabia ya taifa, na hatimaye likawekwa katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji. Allen Roberts amekisimulia kisa hicho kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2013, A Dance of Assassins, na mwaka 2018 mwandishi Michel Bouffioux alikifikisha kwa umma wa Ubelgiji. Baada ya hapo mtu mmoja anayebeba jina la Lusinga, mkazi wa Lubumbashi, aliomba babu yake arudishwe nyumbani.

Mara tu dai kama hilo linapotolewa, wazo la kipimo cha vinasaba hujitokeza lenyewe, na kitaalamu si ndoto: mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huhifadhi vinasaba kwa karne nyingi, na jino nalo hufaa. Lakini kulinganisha na nani? Wajukuu wa kiume wa Lusinga kupitia wanawe wa kiume watafanana naye kwa kromosomu Y, na huenda wamelichukua jina lake kuwa jina la familia kwa desturi ya mjini na ya shule. Warithi wa cheo chake, watoto wa dada zake na wa mabinti wa dada zake, watafanana naye kwa mitokondria, na kwa sheria ya Kitabwa hao ndio Lusinga. Maabara inaweza kuthibitisha pande zote mbili kwa uhakika ule ule, kisha ikanyamaza kuhusu nani apokee mfupa, kwa sababu hilo ni suala la mirathi na si la kemia.

Isidhaniwe kwamba wazee wa kale waliamini kila dai la damu kwa upole, au kwamba waliodai walikuwa wakweli daima. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani mfanyabiashara Tippu Tip, anasimulia katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili jinsi alivyofika kwa mtawala mzee Kasongo Rushie wa Utetera, ambaye dada zake walikuwa wametekwa zamani, akamshawishi kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wa mateka hao, aliyenunuliwa na babu yake Mwarabu. Mzee alifurahi, akamtambua kuwa mjukuu na kumwachia utawala. Werevu wa Tippu Tip ulikuwa katika kuujua mlango: el-Murjebi, jina lililoshuka kuumeni kutoka Omani, lisingemfikisha popote huko Maniema, naye alipita kukeni.

Pwani ya Waswahili yenyewe ilionyesha mwaka 2023 kwamba pande hizi mbili, kuumeni na kukeni, huweza kusema habari tofauti bila upande mmoja kuukanusha mwingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature, juu ya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulikuta kwamba kromosomu Y nyingi zilielekea Asia, hasa Uajemi, na mitokondria karibu yote ni ya Afrika. Jina la Shirazi, ambalo wasomi wengi walilifanya hadithi ya kujikweza, lilikuwa na baba wa kweli. Ila mama zake, ambao nasaba haziwataji, walikuwa wenyeji.

Kwa upande wa bara, wapo ambao kwao vinasaba vina kazi ambayo jina haliwezi. Wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe, waliokabidhiwa Mpala mwaka 1885, walikomboa watoto watumwa na kuwaandika katika vitabu vya ubatizo kwa majina ya watakatifu, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kutaja kijiji walikotoka. Kwa wazao wao, kipimo kinaweza kuashiria upande wa asili, japo kwa mipaka: kromosomu Y ya tawi liitwalo E-M2, lililosambaa pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu, ni ya wanaume wengi mno toka Kameruni hadi Afrika Kusini, hivyo kipimo cha juu juu hakimtofautishi Mluba na Mtabwa, wala Mbembe na Mnyamwezi wa ng'ambo ya ziwa.

Endapo fuvu la Lusinga litapimwa siku moja kwa kufuata hesabu ya ukoo wake, mtu wa kutafutwa kwanza hatakuwa mwenye kadi iliyoandikwa Lusinga. Kanuni ya kukeni inaelekeza kwa mwanamke wa pwani hiyo aliyezaliwa na binti wa binti wa dada wa marehemu, ambaye hakuwahi kuitwa kwa jina hilo, na ambaye kaka yake au mwanawe ndiye mwenye haki ya kulirithi.