Kanzidata Imewashwa, Lakini Je, Inajibu?

Tumeombwa tuseme machache juu ya seva ya zahanati, ile kompyuta ya chumba cha nyuma ambayo wengi wenu mmeichangia.

Ndani ya seva kuna programu inayotunza kumbukumbu zote: nani amehudhuria kliniki, mtoto yupi amekosa chanjo, nani yuko kwenye dawa za kudumu. Hiyo ndiyo kanzidata. Mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, kwa kawaida huweka kumbukumbu zake katika kanzidata ya MySQL. Mfumo wa wagonjwa tuufananishe na karani wa mapokezi, na kanzidata na kabati la mafaili. Kabati lisipofunguka, karani yupo mezani lakini hana la kukujibu.

Nani atajua kwamba kabati halifunguki? Mara nyingi ni muuguzi, asubuhi, foleni ikiwa imeshafika mlangoni. Wakati huo mgonjwa wa dawa za kudumu anaulizwa anatumia dawa gani, naye anajibu, "Vile vidonge vyeupe." Ndiyo maana huwekwa programu nyingine ndogo, tuiite mlinzi, inayobisha hodi kwenye kanzidata kila baada ya dakika chache.

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu walinzi hawafanani. Yupo anayetazama tu kama jina la programu limo katika orodha ya zile zinazoendeshwa. Mwingine hutumia amri ya MySQL iitwayo mysqladmin ping. Maelezo rasmi ya amri hiyo yanasema wazi kwamba hata kanzidata ikikataa kumpokea mbishaji kwa sababu ya neno la siri, jibu bado ni kwamba ipo hai. Ni sawa na kupiga hodi ukasikia sauti ndani ikisema "hatufungui", nawe ukaandika daftarini: wenyeji wapo, hali ni njema.

Baya zaidi ni diski inapojaa. MySQL kwa kawaida haizimiki hapo. Husubiri, ikitazama kila dakika kama nafasi imepatikana ya kuandika. Jina lake limo katika orodha, lakini hakuna mgonjwa mpya anayeandikishwa. Kwa hiyo sisi tunataka mlinzi anayeandika kitu kidogo ndani ya kanzidata, saa na tarehe tu, kisha akisome tena. Akishindwa, apige kelele.

Na kelele zenyewe zimfikie mtu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, yenye wataalamu wa kutosha, ilifuta kwa bahati mbaya data za kanzidata yake kuu ya PostgreSQL. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, hawakuzikuta. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho uliotakiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtaalamu mmoja aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo, miradi takriban 5,000 na akaunti mpya 700 hivi ziliathirika.

Kwa sababu hiyo hatukubali mlinzi anayenyamaza mambo yakiwa mazuri. Kila asubuhi atume ujumbe wa simu: nipo, kanzidata inaandika na kusoma. Usipofika hadi saa mbili, mtu aende kuangalia. Tena asikae ndani ya seva ileile anayoilinda, maana umeme ukikatika watalala wote wawili.

Programu za ulinzi kama Nagios na Zabbix hupatikana bila malipo. Kinachogharimu ni mtu wa kupokea ujumbe, vocha yake ya simu, na nauli ya kufika zahanati usiku. Tunawaambia wafadhili bila kuficha: katika bajeti nyingi tulizoziona, kompyuta ina mstari wake, betri ina mstari wake, mtu huyu hana. Tungependelea kompyuta moja ipungue ili yeye apatikane.

Kwa kamati, ombi letu ni dogo. Kabla ya mkutano ujao kila parokia yenye zahanati ituletee majina mawili na namba za simu: mtu wa kwanza kupokea ujumbe, na wa pili kwa siku ambazo wa kwanza yuko shambani au simu yake haina chaji. Wasiwe wataalamu wa kompyuta, si lazima. Wawe watu wanaopokea simu.