Koki Moja, Watu 250

Septemba 1990, wajumbe wa serikali na mashirika ya misaada walikutana New Delhi kufunga muongo wa kimataifa wa maji na usafi wa mazingira. Waliondoka na kauli ambayo tangu hapo imenukuliwa kila kona: bora kidogo kwa wote kuliko kingi kwa wachache. Ni kauli inayogusa moyo, na kwa zaidi ya miaka 30 wahandisi, wafadhili na wanasiasa wameifanya kipimo cha haki. Mhadhara huu unaipinga. Katika vijiji vya Tanzania, hicho kidogo kiliwekwa chini mno, kikahesabiwa vibaya, kisha kikazikwa ardhini kwa mabomba yasiyoweza kukua.

Historia yenyewe wenye fani wanaijua. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba katika miaka 20 kila mwanakijiji angepata maji safi ndani ya mita 400. Vikaja vijiji vya ujamaa, visima vya wafadhili, mradi wa maji na usafi wa HESAWA kanda ya Ziwa, Sera ya Maji ya 2002 na hatimaye wakala wa maji vijijini, RUWASA, mwaka 2019. Upo pia mvutano wa kampuni ya City Water jijini Dar es Salaam, mkataba uliovunjwa mwaka 2005 na kesi yake kufika hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa. Wasomi walimwaga wino mwingi wakibishana kama maji yauzwe na serikali au na kampuni. Mahali inapokaa koki, ndani ya ua au ng'ambo ya korongo, hapakujadiliwa sana.

Kinachostahili kukaliwa ni sentensi moja ya sera ya 2002. Ilitaka mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, mwaka mzima, ndani ya mita 400 kutoka nyumba iliyo mbali zaidi, na kila koki ihudumie watu 250. Sentensi hiyo imeandikwa upya katika mamia ya maandiko ya miradi. Ni wachache waliochukua kalamu wakaipigia hesabu.

Watu 250 wakipata lita 25 kila mmoja, jumla ni lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu za lita 20. Koki inayotoa maji vizuri, tuseme lita 10 kwa dakika, hujaza ndoo moja kwa dakika mbili. Hivyo koki hiyo italazimika kumwaga maji kwa dakika 625, zaidi ya saa 10, bila ndoo kuchelewa kusogezwa, bila mtu kusuuza dumu lake, bila tenki kukauka. Vilula vingi, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, hufunguliwa asubuhi na jioni tu. Kilula kikifunguliwa saa nne kwa siku, koki yake itajaza ndoo 120, na kila mtu ataondoka na lita 9.6. Kipimo hiki hakitimizwi na kifaa chake chenyewe hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Upande wa mbebaji hesabu ni nzito zaidi. Kaya ya watu watano inahitaji lita 125, ambazo ni safari sita na zaidi. Kutoka mita 400, kwenda na kurudi ni mita 800. Safari sita ni kilometa 4.8, na nusu yake mama anatembea na kilo 20 kichwani. Huyo ndiye mtu ambaye takwimu humwandika kuwa amefikiwa na huduma.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kutumwa, akiwa bado mwanafunzi, kuandika mauzo ya ndoo kwenye kilula cha kijiji kimoja mkoani Dodoma. Alfajiri foleni ilikuwa tayari imepangwa, ila watu hawakuwepo. Madumu ya njano yalikuwa yamelala hapo tangu usiku, kila moja na alama yake: kitambaa chekundu mpinini, tundu lililozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, jina lililochorwa kwa msumari. Wenyewe walifika mmoja mmoja, na mhudumu wa kilula akaandika kila ndoo iliyojazwa katika daftari lake la kaunta. Maji yalipokata, bado madumu mengi yalikuwa kwenye mstari. Wanawake wawili waliokuwa mkiani walibeba ya kwao na kushuka mtoni kufukua mchanga. Daftari halikuwa na safu ya kuwaandika. Mwanafunzi aliuliza kama awaongeze pembeni, akaambiwa fomu haihitaji hayo.

Takwimu za taifa nazo hazikuyahitaji. Kwa miaka mingi asilimia ya huduma vijijini imekokotolewa kwa kuhesabu vituo vinavyotoa maji na kuvizidisha kwa 250. Kituo kikiwa hai, watu 250 wamehudumiwa kwenye karatasi, kaya zao ziwe zimepata ndoo sita au mbili. Uhakiki wa vituo nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba karibu 4 kati ya 10 havifanyi kazi. Lilikuwa jambo la aibu, na lilizungumzwa kama inavyostahili. Vile 6 vilivyobaki vilihesabiwa kuwa salama, na uchunguzi ukaishia hapo.

Kipo kitabu ambacho kila mwanafunzi wa jiografia au uhandisi anapaswa kukisoma kabla ya kugusa programu ya ramani. Ni *Drawers of Water* cha mwaka 1972, kilichoandikwa na Gilbert White, mkewe Anne White, na David Bradley, daktari aliyefanya kazi Makerere. Walichagua vituo 34 vya utafiti nchini Kenya, Uganda na Tanzania, vikiwemo Temeke, Chang'ombe na Dodoma, na wakawasogelea wachota maji kuliko mtafiti yeyote kabla yao. Walipima kilichoingia nyumbani, kilivyotumika, muda uliotumika, hata nguvu ya chakula ambayo mwili wa mchotaji huichoma njiani. Bradley aliyagawa magonjwa ya maji upya. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na maji machafu, lakini upele, vikope na sehemu kubwa ya kuhara hustawi pale ambapo maji, hata yakiwa safi, hayatoshi kunawa. Kwa ugawaji huo, wingi wa maji nyumbani ukawa suala la tiba.

Matokeo makubwa ya kitabu hicho yanauma mpaka sasa. Kaya zenye bomba zilitumia wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku, na zilizobeba maji takriban sehemu ya kumi yake. Tena, miongoni mwa wanaobeba, kusogeza kituo kutoka umbali wa wastani hadi karibu kidogo hakukuongeza sana maji yanayotumika. Matumizi huruka pale tu koki inapoingia uani. Kilula cha mita 400 kinampunguzia mama mwendo, nalo ni jambo jema, ila ndoo zake hubaki karibu zile zile.

Wanaotetea kauli ya New Delhi hujibu kwa utafiti wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Sandy Cairncross alilinganisha vijiji viwili katika miaka ya 1980. Namaua, chenye vilula, kilitumia takriban lita 11 kwa mtu. Itanda, ambako maji yalikuwa mwendo wa saa nyingi, lita 4. Ushahidi huo ni wa kweli na unastahili heshima: kwa anayetembea nusu siku, kilula ni ukombozi. Lakini lita 11 ndizo zilizopatikana penye mafanikio, chini ya nusu ya 25 zilizoahidiwa kwetu.

Hujibu pia kwamba mabomba ya nyumbani hayadumu. Watafiti wengine walipokwenda kwenye vituo vile vile vya *Drawers of Water* mwaka 1997, wenye bomba walikuwa wameshuka hadi lita 66, kwa kuwa miji ilipanuka na mitambo ikaachwa bila matengenezo. Wabebaji walikuwa wamepanda hadi takriban 20, huku mijini muda wao wa kuchota kwa siku ukiongezeka kutoka dakika 28 hadi 92. Hata baada ya kuporomoka huko, aliye na koki nyumbani alitumia mara tatu ya anayebeba.

Pingamizi zito ni fedha, na halipuuzwi hapa. Kaya zilizotawanyika za wafugaji wa Longido au Simanjiro haziwezi kufikiwa moja moja kwa sasa. Vyanzo vingine havina maji ya kutosha, na maji mengi nyumbani yanadai njia ya maji taka. Hata hivyo, gharama huhesabiwa upande mmoja tu. Uniti moja ya maji, yaani mita moja ya ujazo, ni ndoo 50. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 kilulani, uniti imefika shilingi 2,500. Ikiletwa na mkokoteni kwa shilingi 300, ni 15,000. Maskini tayari analipia mtandao wa mabomba ambao hajajengewa.

Kosa kubwa limefukiwa ardhini. Mradi unaosanifiwa kwa lita 25 huwekewa bomba jembamba na tenki dogo. Kijiji kikianza kupata fedha, wenye nyumba karibu na tenki huomba kuunganishwa au hujiunganisha wenyewe, na presha huisha kabla maji hayajafika vitongoji vya mwisho. Kisha wanalaumiwa kwa ubinafsi, ilhali mchoro ulishaamua kwamba hawatavuka ndoo kwa miaka 20 au zaidi. Kidogo kwa wote kikageuka kingi kwa waliojenga karibu na tenki.

Kwamba bomba la uani linawezekana hata penye umaskini, mfano ni Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia, uliowahi kuwa katika hali mbaya sana. Mwaka 1993 shirika lake la maji lilipoteza asilimia 72 ya maji liliyozalisha. Chini ya uongozi wa Ek Sonn Chan, upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, maji yakatoka saa 24, na kaya maskini zikapewa ruzuku ya kuunganishwa majumbani. Cambodia ilikuwa imetoka vitani. Haikusubiri utajiri ndipo iingize bomba uani.

Malengo ya dunia ya 2015 yalikubali hoja hii: kiwango cha juu cha huduma sasa kinadai maji yawe ndani ya eneo la nyumba, na hata ngazi ya chini yake inahesabu dakika 30 za kwenda, kurudi na foleni. Hapa nchini, mambo mawili yanaweza kuanza bila kusubiri fedha mpya nyingi. Kila mradi wa kijiji chenye nyumba zilizokaribiana usanifiwe kwa bomba la uani, hata kama utafunguliwa na vilula tu. Na daftari la kilula liongezwe safu mbili: dakika za foleni, na walioondoka na dumu tupu. Mwaka 2027 utakuwa wa 30 tangu vituo vya *Drawers of Water* vitafitiwe mara ya pili. Wanafunzi wa jiografia na uhandisi wanaweza kurudi Temeke, Chang'ombe na Dodoma na kuuliza maswali yale yale, kwa kipimo kile kile cha lita na dakika.