Samaki Angali Mbichi: Elimu ya Watoto Wadogo na Wajibu wa Jamaa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jamaa ya Waislamu wa Kasese na Bwera)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya elimu ya watoto wadogo, yaani wale ambao hawajatimiza miaka sita ya kuingia darasa la kwanza. Huenda baadhi yenu mkaliona jambo hili dogo, mkilipima na misikiti tunayotaka kuezeka na shule za sekondari tunazotaka kujenga. Nami nataka kuonyesha kuwa ndilo msingi wa hayo yote, na ya kwamba sehemu kubwa ya msingi huo tayari tunayo mikononi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wengi wetu tumelishika neno "mkunje", tukalisahau neno "mbichi". Tumedhani methali yatuamuru kutumia nguvu, kumbe yatuhimiza kutazama wakati. Mtoto wa miaka mitatu hana haja ya fimbo ili ajifunze. Ana haja ya mtu wa kumwelekeza wakati akili yake ingali laini.

Natutazame hali yetu. Serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na watoto wengi wakapata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Lakini elimu ya kabla ya darasa la kwanza haikuingia katika mpango huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliihesabu kuwa ngazi ya kwanza ya masomo, ila uendeshaji wake ikauacha kwa watu binafsi na mashirika. Kwa hiyo mwenye fedha humpeleka mwanawe katika chekechea ya kulipia. Asiye nazo hufuatana naye sokoni Mpondwe au shambani kwenye kahawa na pamba, ama humwachia dada yake, ambaye naye alistahili kuwa darasani. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza watoto hawa wawili hukaa benchi moja: mmoja amezoea kushika kalamu, kusikiliza hadithi na kungoja zamu yake, wa pili hajawahi. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumngoja huyu wa pili.

Kisha sisi Waislamu twaongezewa shida nyingine. Zamani za ukoloni shule nyingi zilikuwa za wamisheni, na wazee wetu waliogopa kuwapeleka watoto wasije wakapoteza dini. Hofu ile haikuwa ya ujinga; ilikuwa ya mapenzi. Lakini gharama yake tumeilipa miaka mingi, kwa kuona watoto wetu wakiachwa nyuma katika kazi na madaraka. Hata leo mzazi Mwislamu hujiona amesimama penye njia panda: ama Kurani, ama shule. Ninalotaka kusema ni kwamba kwa mtoto mdogo njia panda hiyo haipo.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Gari moshi haliji tena, lakini Mombasa ina jambo jingine la kutufaa. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na shida hii hii yetu: watoto wao walikuwa chuoni kwa Kurani, lakini wakifika shule ya msingi walikuwa nyuma ya wenzao. Viongozi wao waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa chini ya mwalimu mmoja mwanamke, Bi Swafiya Said. Hawakuivunja madrasa, wala hawakujenga shule ya kushindana nayo. Waliiingiza chekechea ndani ya madrasa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na baadaye chekechea zake katika nchi hizi tatu zikapita 200.

Mambo manne ya mpango ule yanastahili kutazamwa. La kwanza, jamaa yenyewe ilichagua kamati, ikakubaliana kwa maandishi, ikatoa jengo. La pili, walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafunzwa kazi na kutembelewa darasani mara kwa mara mpaka waliposimama wenyewe. La tatu, vifaa vilitoka katika mazingira: mbegu, vibuyu, vizibo, vipande vya mbao na vitambaa. La nne, dini haikuwa somo la pembeni. Ilikuwa ndani ya siku nzima, katika salamu, dua ya chakula, nyimbo na adabu ya kugawana.

Namna ya kufundisha waliikopa Marekani, katika mji wa Ypsilanti, ambako David Weikart na wenzake walianza mwaka 1962 kuwafundisha watoto wa jamaa maskini. Mtoto huchagua kazi atakayoifanya, huifanya, kisha huwasimulia wenzake alichofanya. Jambo hilo laonekana jepesi, lakini ndani yake mna kufikiri, kutenda na kusema. Katika watoto 123 wa majaribio yale, 58 walipata shule hiyo na 65 hawakuipata. Walifuatwa hadi umri wa miaka 40, ikaonekana kuwa wale waliosoma walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kizuri zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, na Ypsilanti si Bwera. Lakini hata hapa Afrika ya Mashariki uchunguzi ulilinganisha watoto wa chekechea za madrasa na waliobakia nyumbani, ukawaona wa chekechea wametangulia.

Najua lipo swali: je, kucheza ni kusoma? Yako mashule yanayojivunia kuwa mtoto wa miaka mitatu anajaza daftari na kufanya mtihani, nasi wazazi huyapenda kwa sababu daftari laonekana kwa macho. Lakini mtoto anayepanga vibuyu kutoka kidogo hadi kikubwa anajifunza hesabu. Anayepima mchanga kwa kikombe anajifunza vipimo. Anayecheza duka la Mpondwe anajifunza lugha na uaminifu. Na sisi tunaye wa kumfuata: twajua katika Sira jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyorefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, asipende kumkatiza. Ikiwa mchezo wa mtoto ulipewa nafasi ndani ya Swala, vipi tuunyime nafasi darasani?

Liko pia swali la lugha. Mtoto wetu husikia Lhukonzo nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiarabu chuoni, na Kiingereza chamngoja shuleni. Huo ni utajiri, lakini mlango wa kuuingia ni lugha aliyonyonya nayo. Hadithi za bibi zetu ziingie darasani kwa lugha yake, na nyingine zitafuata.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila msikiti wenye chuo utoe saa za asubuhi, wakati wakubwa wako shuleni, na jengo lile lile liwapokee wadogo. Pili, tuwachague mabinti wetu waliomaliza sekondari, tuwalipie mafunzo ya ualimu wa chekechea; nao wakirudi, tusiwalipe kwa shukrani pekee. Mwalimu asiyelipwa huondoka, na wengi wameondoka. Tatu, tusajili chekechea hizi kwa wakuu wa elimu wa wilaya, pawe na maji safi na vyoo vinavyomfaa mtoto. Nne, tuweke wakfu. Huko Mombasa na Kampala mpango uliziachia jamaa akiba ndogo, ili mapato yake yaisaidie shule. Sisi tuna mila ya wakfu tangu kale: shamba la kahawa, chumba kimoja cha duka, mbuzi wachache. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zangu, shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, aliyekuwa na miaka minne alitimiza sita bila ya kuliona darasa. Wakati ule hakuna aliyeweza kumrudishia. Ila wale walio na miaka minne leo, wakati wao tungali nao. Hawataungoja msikiti uishe kuezekwa, wala hawataungoja mkutano wetu wa mwaka ujao.

Mwenyezi Mungu atupe nia njema na nguvu ya kuitimiza. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.