Tarehe 14 Oktoba: Mtumwa, Mchungaji na Mwalimu



Kila tarehe 14 Oktoba ofisi hufungwa, nasi twamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki siku hiyo mjini London, mwaka wa 1999. Sisi wa Kinondoni twamkumbuka kama jirani, kwa kuwa makao yake yalikuwa Msasani. Lakini Kanisa lilikuwa limekwisha kuiandika tarehe hiyo zamani sana, kwa jina la mtumwa. Basi, katika jubilei hii, na tutazame majina matatu yaliyokutana katika siku moja.

La kwanza ni Mtakatifu Kalisto. Alikuwa mtumwa huko Roma. Alikabidhiwa fedha za watu, zikapotea, akakimbia, akakamatwa, hata mwisho akapelekwa kuchimba madini kisiwani Sardinia. Aliyeandika habari hizi, Hipoliti, alikuwa mpinzani wake. Kwa hiyo yatupasa kuzisoma kwa hadhari. Baada ya kufunguliwa, Papa Zefirino alimweka kuwa msimamizi wa makaburi ya Wakristo katika njia ya Appia, nayo hata leo yaitwa kwa jina lake. Sisi tupitao kando ya makaburi ya Kinondoni twaijua kazi hiyo: wachache huiheshimu, na kila nyumba huihitaji. Yapata mwaka wa 217 msimamizi huyo akachaguliwa kuwa Papa. Akawafungulia mlango wa toba hata wenye dhambi kubwa, akaikubali ndoa ya mwanamke mwungwana na mtumwa, ambayo sheria ya Roma haikuitambua.

La pili ni Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, mzao wa watumwa. Tarehe 14 Oktoba 1964 ilitangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, naye alikuwa na miaka 35. Fedha zake akazitoa kwa kazi ya kutetea haki za watu wake.

La tatu ni la Mwalimu. Hao wawili waliinuliwa kutoka chini. Yeye, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alishuka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Si yote aliyoyafanya yaliyofanikiwa: wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, naye mwenyewe alikiri kwamba makosa yalitendeka. Hata hivyo Kanisa, lililoanza kuchunguza maisha yake mwaka wa 2005, lamwita Mtumishi wa Mungu. Mtumwa na mtumishi: katika lugha yetu maneno hayo yana shina moja.

Ndugu zangu, katika Torati jubilei ilikuwa mwaka wa kuwaacha huru watumwa. Na huko Bagamoyo, wamisionari waliofika mwaka 1868 waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Sisi je? Yuko binti aliyeletwa kutoka bara, aamkaye kabla ya wote na kulala baada ya wote, asiyepewa ruhusa ya kwenda Misa Jumapili kwa sababu chakula hakijapikwa. Tukimfunga huyo, jubilei yetu ni ngoma tu. Jumapili ijayo na aketi pamoja nasi kanisani, nasi tupike wenyewe.

Mungu atujalie neema hiyo. Amina.